Uhuru Aliyetoa Maji kwa Mkono wa Kushoto

Nilianza kazi siku ya Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana. Nina hakika na dakika hizo kwa sababu nilikuwa nimeikazia macho saa ya ukutani, nikiiomba ifike nane na nusu kabla Mwalimu Pius hajataja jina langu. Nikitajwa mbele za watu masikio yangu huwaka moto. Saa haikunisaidia.

"Somoe," akasema.

Nikasimama. Kidato cha Pili kizima kikageuka.

"Natafuta mtu wa kutunza chumba cha picha. Awe msafi, awe na mwandiko mzuri, na asiwe mropokaji. Wewe tangu muhula uanze sijaisikia sauti yako."

"Mwalimu, huyo hata ukimkanyaga hasemi!" akadakia mmoja huko nyuma, na wote wakacheka. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Wadogo zangu mtakaorithi ufunguo, haya nawaandikia ninyi. Nimestaafu. Ndiyo, nina miaka kumi na minane na nimestaafu, msinicheke. Nimekitumikia chumba kile miaka mitatu, mitihani ya Kidato cha Nne imekwisha, na sasa niko nyumbani Masasi nasubiri matokeo, shajara zangu zote zikiwa zimetandazwa kitandani. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa havikuwapo. Mengine nitayasema yote, kwa sababu kwenye karatasi mimi ni mropokaji kupita ninyi nyote.

Chumba chenyewe mnakijua: ile stoo ya majembe nyuma ya jiko la shule. Siku ya kwanza Mwalimu Pius, anayefundisha Historia, alinionyesha sanduku la bati lililokaa pale tangu vita vya ng'ambo ya Ruvuma, enzi ambazo mimi sijazaliwa. Wakati ule Newala ilijaa watu waliovuka mto kukimbia utawala wa kikoloni, na nyuma ya parokia palikuwa na karakana ndogo ya kupiga chapa. Wachongaji waliacha vinyago kwa muda, wakachonga picha kwenye mbao bapa, wakazipaka wino na kuzikandamiza juu ya karatasi. Picha zikakunjwa, zikaingizwa ndani ya mianzi, zikavushwa mto na wapiganaji ili wasiojua kusoma wajue kinachopiganiwa.

Kwa hiyo sanduku lilikuwa na picha na mbao. Na mende. Hao mende walikuwa wengi kuliko hao wapiganaji.

Nilifungua karatasi ya kwanza nikasahau kuogopa. Wallahi nilisahau! Ilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji, imekatwa vizuri, na juu yake msururu wa watu wamefungwa kongwa, ule mti wenye panda waliokuwa wakifungwa watumwa shingoni. Kila mmoja amebeba robota la pamba. Nyuma yao mtu mwenye kiboko, kavaa kofia ya chuma ya askari. Na mbele, mkubwa kuliko wote, mwanamke amesimama na ndonya, kile kipambo cha mti cha wanawake wa Kimakonde, kwenye mdomo wake wa juu, amelivunja kongwa la mtu wa kwanza juu ya goti lake kama anavyovunja kuni. Mkono mmoja ameshika vipande, mkono wa pili anampa yule mtu kata ya maji.

"Huyu nani, mwalimu?" nikauliza. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kazini.

"Huyu ni Uhuru," akasema. "Biashara ya utumwa ilikuwa imekwisha zamani wakati picha hii inapigwa. Lakini watu wa ng'ambo walikuwa wanalimishwa pamba kwa nguvu, wanachukuliwa kazi za shuruti. Wachongaji wakasema, hili si kongwa lilelile? Hapakuwa na haja ya hotuba. Kila bibi alikuwa na hadithi ya kongwa."

Nililala na mwanamke yule machoni. Nimeandika kwenye shajara: "Leo nimeona mtu mwenye nguvu, na ni wa karatasi."

Sasa vifaa. Brashi ni ile laini ya kunyolea, mpya. Msitumie ya mtu aliyekwisha kunyolea. Naftalini zifungwe kwenye kitambaa, zisiguse karatasi. Palipochanika pabandikeni kwa uji wa unga wa muhogo uliochujwa mara mbili, mwepesi kama maziwa, na kipande cha karatasi laini kwa nyuma. Kamwe msitumie selotepu. Siku hizi selotepu zimejaa kila duka, ruksa kila kitu, na Newala mtu aweza kununua sabuni za rangi saba hata kama hana maji ya kuogea. Lakini selotepu ikikaa mwaka mmoja inageuka njano na kuing'ata picha. Najua kwa sababu nilibandika moja. Iko kona ya chini ya picha namba tatu. Msameheni mtangulizi wenu.

Na wino msiuguse kwa kidole. Ule ni masizi ya vibatari yaliyochanganywa na mafuta ya maganda ya korosho, yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Sisi sote ni watoto wa wakulima wa korosho, tunajua yale mafuta yanavyobabua ngozi. Karatasi haziwezi kuwababua sasa, wino umekauka. Lakini mbao mbili bado zilikuwa na donge kwenye mifereji, na mimi nilitaka kujua kama bado linauma. Linauma.

Huo mkono wenye lengelenge ndio uliomleta mwalimu wangu wa kweli.

Mlango wa stoo unatazama mlango wa jiko. Mpishi wetu alikuwa Mama Atanasi, mnamkumbuka, mfupi, mwenye dinembo usoni, zile chale za Kimakonde za mashavuni, anayepiga kelele kuhusu sufuria. Aliniona napuliza kidole.

"Shikamoo, Mama Atanasi."

"Marahaba. Umeshika wino wa korosho, wewe."

"Umejuaje?"

Akanyoosha vidole vyake. Ncha za vitatu zilikuwa nyeupe, laini, bila alama. "Mimi nilikuwa mpiga chapa," akasema. "Paka mafuta ya nazi. Na usilie, Wayao hawalii. Babu zenu walitufunga makongwa, leo mjukuu anatufutia vumbi. Mungu anajua kupanga zamu!"

Utani huo alinitania miaka mitatu mizima, na mimi nilikuwa nacheka. Lakini nilisema nitasema yote. Likizo ya kwanza nilikwenda pale Masasi kwenye nyumba ya zamani ya wamisionari, kwa kuwa Mwalimu Pius alisema ukutani kuna picha ya zamani ya kupinga utumwa. Ipo. Mtumwa amepiga magoti, mikono yenye minyororo ameiinua juu, na mgeni amesimama mbele yake amevaa viatu. Mzee anayetunza nyumba ile aliniona naitazama sana.

"Babu yangu alikuwa miongoni mwa watumwa walioachiwa huru wakaletwa kukaa hapa Masasi," akasema. "Alikuwa akipita mbele ya picha hii anacheka. Anasema, mimi sikupiga goti. Nilitembea. Miguu yangu ndiyo iliyonifikisha."

Nikaona mara moja tofauti ya ile picha na yetu. Katika yetu, anayefungua ana ndonya. Ni mama wa yule aliyefungwa. Nilifurahi hata nikakimbia mpaka nyumbani kumweleza babu yangu, nikamuuliza na sisi watu wetu walifungwa wapi. Babu akasema, "Mjukuu wangu, wako waliofungwa na wako waliofunga. Sisi hatukufungwa." Akanyanyuka akaenda kutawadha. Tangu siku hiyo nilipofuta vumbi kwenye ule msururu nilifuta polepole zaidi.

Kesi ngumu ilikuja nilipokuwa Kidato cha Tatu. Nilikuwa naandika orodha, na picha namba saba na namba nane zilikuwa zimebandikana. Nilipozitenganisha kwa mvuke nikaona ni picha moja ya Uhuru, ila imegeuzwa. Katika namba saba Uhuru anampa mtu maji kwa mkono wa kushoto. Katika namba nane, kwa mkono wa kulia.

"Moja imepigwa upande wa nyuma wa karatasi," akasema Mwalimu Pius. "Andika nakala mbovu."

Nikaandika. Lakini haikunikaa. Niliziweka dirishani, nikazitazama kwa kioo cha kukuzia. Uhuru wa namba saba ana mashavu matupu. Uhuru wa namba nane ana dinembo mashavuni, mistari mifupi imepangwa kama mbegu. Nakala mbovu inaotaje chale? Nikatafuta kwenye mbao, nikapata mbao mbili, si moja. Moyo ulinienda mbio kama mtu aliyekuta nyoka, ila kwa furaha. Nikachukua picha zote mbili, nikavuka kwenda jikoni, ambako Mama Atanasi alikuwa anachambua maharage.

Akazitazama. Akajifuta mikono kwa kanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Hii ya kushoto ilituaibisha," akasema. "Alichonga Mzee Nangumbi."

Mzee Nangumbi ni mchongaji mkubwa, anakaa upande wa kwendea Kitangari, na hakuna asiyemjua. Alikuwa mkuu wa karakana ile.

"Yeye mchongaji wa vinyago. Kinyago unakizunguka, mkono wa kulia ni wa kulia popote usimamapo. Basi akachonga kwenye ubao Uhuru anatoa maji kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa. Tukapaka wino, tukabandika karatasi, tukabandua. Kushoto! Hakuna aliyeona, sote tulikuwa tunashangilia. Tukapiga nyingi, zikavuka mto. Baada ya wiki mbili vijana wakarudi nazo. Watu wamezikataa. Akina mama wamesema, huyu Uhuru wenu ana adabu gani? Mtu ametoka kwenye kongwa, ana kiu, anampa maji kwa mkono wa kuchambia?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni.

"Cheka wewe. Wakati ule hakuna aliyecheka. Sisi watu wa uwanda huu na ule wa ng'ambo, maji unayafuata bondeni kwa mguu, unapanda nayo kichwani. Mtu akikupa maji kwa kushoto, afadhali akupige. Wazee wakasema kama Uhuru ndiye huyo, asije."

"Ikawaje?"

"Mzee Nangumbi alikuwa amekwenda Mtwara kutafuta karatasi. Wale wengine wanabishana, eti tugeuze karatasi, eti tupige kwa nyuma. Mimi nikaona wanababaika bure." Akapunguza sauti. "Hii ya kulia ni mikono yangu."

Nikamtazama. Mnajua ninyi, kwa Wamakonde mwanamke hachongi. Wakati wanaume wanachonga mambo yao porini mwanamke hapiti hata njia ile.

"Umechonga, Mama?"

"Kuchonga ni kazi yao. Mimi nilichanja." Akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa kisu kidogo, chembamba, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa. "Kabla ya vita nilikuwa nachanja watu dinembo. Unakaa naye uso kwa uso. Shavu lake la kulia liko mkono wako wa kushoto, ukikosea umemharibu mtoto wa watu maisha. Basi nikauweka ubao mpya mbele yangu, nikauona yeye na karatasi ni watu wawili walioketi uso kwa uso. Maji nikayaweka mkono wa kushoto wa ubao, yatoke mkono wa kulia wa karatasi. Nikamchanja Uhuru siku mbili, ndani ya nyumba yangu, mlango nimefunga. Asubuhi ya tatu nikauweka karakanani kimya kimya, wakadhani yule kijana fundi ndiye aliyechonga. Kijana mwenyewe akanyamaza, nadhani alipenda kusifiwa. Baadaye akafa vitani, Mungu amrehemu. Mzee aliporudi akasema, karakana yangu imerekebisha. Ikawa ya Mzee."

"Kwa nini hukusema?"

"Wangeuchoma ubao, mwanangu. Na ng'ambo watu walikuwa wanasubiri."

Toka siku ile jikoni pakawa chuo. Nilijifunza kusoma mikato ya ubao. Patasi husukumwa: mstari wake unaanza mwembamba, unaishia mpana, butu, pale mkono uliposimama. Kisu cha Mama Atanasi huvutwa, kinaingia na kutoka, na kila mstari una ncha pande zote mbili, kama punje ya mpunga. Ukishaona mara moja utaona maisha yako yote. Nilimuuliza pia kwa nini mwenye kiboko ana kofia ya chuma, wakati kwenye picha za wamisionari ana kanzu na kilemba. Akanijibu huku anakoroga uji: "Nusu ya wapiganaji wetu walikuwa wanaswali. Tungemvisha adui nguo ya baba zao?" Hilo pia liko kwenye orodha, ukurasa wa pili.

Nilipokuwa Kidato cha Nne amani ilikuwa imekwisha patikana ng'ambo, baada ya vita vya wao kwa wao vilivyofuata uhuru, na watu wakaanza kurudi kwa malori. Ndipo Mwalimu Pius akaamua tufanye maonyesho. Nilifurahi, nikaogopa, nikafurahi tena. Tulipaka chokaa, tukatundika picha kwa kamba na vibanio vya nguo. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akaja kabla ya siku akataka kumchapa Uhuru kwenye fulana. "Soko huria, mwalimu! Uhuru wa saizi zote, wakubwa na watoto!" Mwalimu akamsindikiza hadi getini.

Kisha yakaja makadi ya kuandika majina chini ya picha. Nikamweleza Mwalimu Pius habari yote ya namba nane. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nalishukuru.

"Somoe, mgeni rasmi ni Mzee Nangumbi. Kila mtu anajua picha ile ni yake. Unataka nimwaibishe mzee wa watu kwa maneno ya jikoni? Historia inataka ushahidi."

"Ushahidi upo kwenye ubao, mwalimu."

"Andika Mzee Nangumbi."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu ule mzuri. Mchana Mama Atanasi akaniita. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Umeniandika?"

"Bado, Mama." Huo ulikuwa uongo wa nusu, na nusu hiyo iliniuma kuliko uongo mzima.

"Keshokutwa Jumamosi lori linaondoka. Atanasi amejenga kule kwetu, ameniita. Nikivuka sirudi tena, magoti haya hayarudi. Sitaki makubwa. Nataka nikiwa kule nijue hapa pameandikwa ni mimi. Herufi ndogo tu, kama zile za chini ya kikombe."

Ijumaa saa tisa watu wakajaa. Wazazi kutoka Mnyambe na Mkunya, walimu, mapadri wawili, shehe, na Mzee Nangumbi mwenyewe, mrefu, kanzu nyeupe, fimbo aliyoichonga kwa mkono wake. Mama Atanasi alisimama mlangoni na birika la chai. Hakuingia. Alikuwa anatazama kadi namba nane kutoka pale, na hajui kusoma, lakini aliniangalia usoni na akasoma.

Mzee Nangumbi alisimulia vizuri sana, lazima niseme. Alipofika namba nane akasema, "Na hii ndiyo iliyovuka ikapokewa kwa vigelegele." Watu wakapiga makofi. Mwalimu Pius akauliza, kama wanavyouliza, "Kuna mwenye swali?" akijua hakuna.

Sijui mguu gani ulitangulia. Nilijikuta nimesimama mbele.

"Shikamooni," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Mimi ndiye niliyeandika makadi. Kadi namba nane ina kosa. Kosa ni langu."

"Somoe," akasema Mwalimu Pius kwa chini.

"Mzee, naomba unisamehe. Naomba uzishike mbao hizi." Nikamletea mbao zote mbili. "Huu wa namba saba ni wako. Na huu wa namba nane, naomba uupapase, unambie ni patasi yako ipi iliyoukata."

Mzee Nangumbi akanikazia macho. Mwingine angenifukuza. Lakini mchongaji akipewa mti mkononi hawezi kujizuia. Kidole gumba chake kikaanza kutembea chenyewe juu ya shavu la Uhuru. Kikaenda, kikarudi. Akausogeza ubao mwangani.

"Hii si patasi," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hiki ni kisu. Kisu kinachovutwa." Akapapasa tena. "Na huyu mtu hakukosea hata mara moja. Mimi nilidhani ni yule kijana. Miaka yote nilidhani ni kijana, nikasema la fundi ni la mkuu wa fundi. Nani alikuwa anakata hivi?"

Nilitazama mlangoni, na watu wote wakatazama nilikotazama. Mama Atanasi alikuwa bado ameshika birika.

"Mwanamke?" akasema mzee mmoja nyuma. "Mwanamke ashike mti?"

"Alishika!" nikasema, na hapo sauti ikatoka yote, mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. "Watu walikuwa wameikataa picha! Angekaa aangalie?"

Mzee Nangumbi akainua fimbo watu wanyamaze. Akamwendea Mama Atanasi, wakasimama uso kwa uso, yeye mrefu, mama mfupi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Mzee akafikiri kweli kweli.

"Nisingekubali," akasema. "Ningeuchoma."

"Basi."

Halafu, sijui nani alianza, nadhani ni Mzee mwenyewe, wakacheka. Walicheka kama watani waliopotezana miaka, mpaka chai ikamwagika kwenye chokaa yetu mpya. "Umenifichia kosa langu miaka yote hii, mama we!" alisema Mzee akijifuta macho. "Nimejisifu kwa kisu cha jikoni!"

"Si cha jikoni," akasema Mama Atanasi kwa ukali. "Hicho hakijawahi kukata kitunguu."

Mwalimu Pius akanisogelea. Nilidhani ananifukuza kazi. Alinipa kadi tupu na kalamu yake mwenyewe. "Andika," akasema.

Nikakaa mezani. Nikaandika "Ubao huu ulichanjwa na", kisha kalamu ikasimama. Miaka mitatu nimekula chakula cha mtu yule, nimesoma mikono yake, na sikulijua jina lake. Atanasi ni mwanawe. Yeye ni nani? Nikainuka nikamwendea.

"Mama, jina lako nani?"

Aliliweka birika chini kwanza.

"Rozalina," akasema. "Rozalina Nalyambe."

Akalisema kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Nikamsomea herufi moja moja nilivyoziandika, akafuata kwa kidole. Tulibandika kadi sote wawili. Usiku ule niliandika kurasa kumi na moja, na nyingi hazisomeki kwa haraka ya mkono.

Kesho yake asubuhi niliamka kabla ya kengele. Nikafungua chumba, nikautoa ubao namba nane, na nikafanya jambo ambalo ninyi ni marufuku kulifanya bila ruhusa: niliupaka wino. Wa dukani, msiogope. Nikaweka karatasi, nikasugua kwa mgongo wa mwiko kama alivyonifundisha, kutoka katikati kwenda nje, bila kuinua. Nikabandua. Uhuru akatoka mzima, mweusi, anang'aa. Chini yake nikaandika jina lote kwa herufi ndogo. Kisha nikaishika ile karatasi pembe mbili, wino mbichi, nikakimbia nayo kuelekea sokoni lori linakopakia, sketi ya shule, miguu peku, watu wananishangaa.

Lori lilikuwa limeshawashwa. Juu yake akina mama wengi, mabegi, magodoro, kuku, na wote wamejifunga kanga kichwani. Sikumwona. Ningeita Mama Atanasi angenisikia mara moja, ndilo jina alilozoea. Sikuita hilo.

"Rozalina Nalyambe!" nikapiga kelele katikati ya soko la Newala.

Hakuna aliyegeuka. Lori likaanza kujongea.

"Rozalina Nalyambe!"

Mara ya tatu kanga moja ikageuka, taratibu, kama haiamini. Akaniona. Akashika ubavu wa lori akainama, mkono umenyooka, nami nikakimbia pembeni ya gurudumu mpaka karatasi ikafika kwenye vidole vile vyeupe. Akaisoma picha, akalisoma jina kwa umbo lake, akacheka dunia nzima isikie.

Nikalipaza jina lake tena, ingawa alikuwa ameshanisikia.